Kiti cha mashindano katika Volkswagen ya zamani: Uimara huanzia sakafuni

ANAYEENDESHA Volkswagen ya zamani katika barabara za Uwanda wa Ufipa huanza safari akisikiliza injini na huimaliza akilalamikia mgongo.

Gari hilo lenye umbo la kobe lina injini nyuma, nayo hupozwa kwa hewa badala ya maji. Halina rejeta ya kuchemka wala mpira wa maji wa kupasuka njiani. Ni sifa iliyolifanya lipendwe na wamisionari, madaktari na watumishi wa serikali sehemu nyingi za Afrika Mashariki katika miongo ya 1950 hadi 1970, wakati gereji zilikuwa chache na umbali kati ya kituo kimoja na kingine ulikuwa mkubwa.

Injini ilikuwa hodari, lakini kiti hakikuwa na sifa hiyo. Kiliundwa kwa springi na sponji au manyoya yaliyoshindiliwa, mgongo wake ulikuwa mfupi, na katika magari mengi ya miaka hiyo hakikuwa na egemeo la kichwa. Baada ya miaka 40 au 50 springi hubonyea, sponji huwa unga, na dereva hujikuta ameketi ndani ya shimo, akinyoosha shingo ili aone boneti.

Kutoka Sumbawanga kwenda Kate, kata ya Wilaya ya Nkasi yenye misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa na Mapadri Weupe, safari ya namna hiyo huwa adhabu. Barabara ya mkoa inayounganisha Nkundi, Kate na Namanyere hupita katika nchi ya vilima, na kwenye njia za udongo za uwanda huo mvua za Novemba hadi Aprili huacha makorongo ambayo kiangazi huyakausha yakawa magumu kama matofali.

Ndiyo maana baadhi ya wenye magari ya aina hiyo, wakiona viti vya mashindano vilivyong'olewa katika magari ya Kijapani vikiuzwa, hupata wazo la kuvifunga katika Volkswagen zao. Wazo lenyewe si baya. Tatizo ni kwamba kazi hiyo kwa kawaida hufanywa kama kazi ya mapambo, ilhali kiti ni sehemu ya usalama sawa na breki na usukani.

Kiti cha mashindano hutofautiana na cha kawaida kwa mambo matatu. Kwanza, kina kuta za pembeni zinazoshika mbavu na mapaja ili mwili usiyumbe kwenye kona. Pili, mgongo wake ni mrefu na hufika nyuma ya kichwa. Tatu, gamba lake, liwe la chuma au la nyuzi za kioo, huhamishia nguvu yote ya mwili kwenye sehemu chache kilipofungwa.

Jambo hilo la tatu ndilo husahauliwa. Kiti kigumu hakipunguzi nguvu ya ajali, bali huipeleka chini kwenye bolti, na bolti huipeleka kwenye bati la sakafu. Bati likiwa limeliwa na kutu, kiti chote humfuata dereva kuelekea kwenye usukani.

Hesabu yake si ngumu. Mtu mwenye uzito wa kilo 75 akiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kisha akasimamishwa ndani ya nusu mita, hupata msukumo unaokaribia mara 20 ya uzito wake, yaani sawa na mzigo wa karibu kilo 1,500. Huo ni mwendo wa mjini tu, wala si mwendo wa barabara kuu.

Na Rukwa ya leo ina barabara kuu za lami. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 220, ilijengwa kwa kiwango cha lami kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, kufuatia mkataba uliotiwa saini mwaka 2008. Upande wa kaskazini, lami imeelekea Mpanda kupitia Nkasi na miteremko ya Lyamba lya Mfipa. Kwa hiyo gari lilelile hulegezwa bolti zake na njia ya udongo asubuhi, kisha jioni linakimbizwa kwenye lami likiwa na bolti hizohizo.

Historia ya magari yanayopozwa kwa hewa katika mashindano ya Afrika Mashariki ni ndefu, nayo huwapa wapenzi wake sababu ya kujivunia. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka uliofuata Vic Preston na D.P. Marwaha walishinda wakiwa na Volkswagen. Mwaka 1957 wakashinda Gus Hofmann na Arthur Burton, na mwaka 1962 wakashinda Tommy Fjastad na Bernhard Schmider, wote kwa gari hilohilo la kobe.

Ndugu yake mwenye kasi zaidi, Porsche 911, ambaye naye injini yake ilikuwa nyuma na ilipozwa kwa hewa hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, hakuwa na bahati hiyo. Alishika nafasi ya pili mwaka 1972 akiendeshwa na Sobieslaw Zasada, nafasi ya pili tena mwaka 1974 akiwa na Björn Waldegård, na ya pili kwa mara nyingine mwaka 1978 akiwa mikononi mwa Vic Preston mdogo, mtoto wa yule mshindi wa 1954. Waldegård alilipa deni hilo mwaka 2011 kwa kushinda mbio za Safari za magari ya zamani akiwa na Porsche 911.

Lakini atakayetazama ndani ya Porsche zinazoshiriki mbio hizo za magari ya zamani hatakuta kiti kilichofungwa kwenye bati peke yake. Atakuta mabomba ya chuma yaliyosukwa kama tenga ndani ya bodi, mihimili inayopita chini ya kiti kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mikanda iliyofungwa kwenye bomba lililo nyuma ya mabega. Anayenunua kiti pekee amenunua sehemu moja tu ya mfumo huo, tena ile inayoonekana.

Kabla ya kiti, basi, hutazamwa sakafu.

Sakafu ya Volkswagen ya kobe ina mgongo wa chuma ulio wazi ndani kama bomba, unaopita katikati kutoka mbele hadi nyuma. Kila upande wa mgongo huo umechomelewa bati moja la sakafu, na bodi yote hufungwa juu yake kwa bolti. Maji yanayoingia kupitia mipira iliyochoka ya milango na vioo hutuama chini ya zulia, na kutu huanza kula kimyakimya pembezoni, pale bati linapokutana na bodi.

Sehemu iliyo mbaya kuliko zote huwa nyuma upande wa kulia, chini ya kiti cha abiria wa nyuma, kwa sababu ndipo betri inapokaa. Tindikali inayovuja kidogo kidogo kwa miaka mingi hufanya bati kuwa kama karatasi. Fundi makini hunyanyua zulia lote, hukwangua lami ya kuzuia kelele iliyobandikwa kiwandani, kisha hugonga bati kwa nyundo ndogo na kulichokoa kwa bisibisi. Bisibisi ikipenya, kazi ya kiti husimama hapo hapo mpaka bati libadilishwe.

Kubandika kipande cha bati juu ya kutu, kama inavyofanyika mara nyingi, ni kujidanganya. Ukingo wa kiraka huwa umeshikilia chuma kilichokufa, na nguvu ya ajali itapasua palepale. Bati jipya la nusu ya sakafu hupatikana kwa wauzaji wa vipuri vya magari ya zamani nje ya nchi, na fundi anayejua kukunja bati anaweza kulitengeneza hapa hapa. Ufipa si mgeni wa kazi ya chuma: kabla ya ukoloni wahunzi wake waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo yaliyoitwa malungu, yaliyomzidi mtu kimo. Siku hizi kazi ya kuchomelea hufanyika katika karakana za mjini Sumbawanga, na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) lina ofisi mkoani humo.

Hatua ya pili ni kujua kilicho ndani ya ule mgongo wa kati. Fundi asiyelijua gari hili anaweza kuuona kama chuma kizuri cha kutoboa na kupitisha bolti, kumbe ndani yake mnapita waya wa klachi, waya wa mafuta, nyaya za breki ya mkono, fito ya gia na, muhimu kuliko vyote, bomba jembamba linalopeleka petroli kutoka tangi lililo mbele hadi kwenye injini iliyo nyuma.

Ncha ya drili ikilitoboa bomba hilo, petroli huvuja ndani ya mgongo bila kuonekana. Cheche ya kuchomelea ikifuata, gari huwaka likiwa na fundi ndani yake. Kwa sababu hiyo kazi yoyote ya moto karibu na mgongo wa gari hili hutanguliwa na mambo yasiyo na mjadala: kutenganisha betri, kumwaga petroli, kuliondoa tangi na kuhakikisha bomba halina mafuta wala mvuke. Mazulia na vipande vya lami sakafuni navyo huondolewa, maana huanza kuungua polepole bila mwali, na moshi huonekana wakati fundi ameshahamia upande wa pili.

Viti vya asili vya gari hili havikufungwa sakafuni kwa bolti. Huteleza juu ya reli zilizochomelewa kwenye bati, vikishikwa na komeo dogo linaloingia katika meno ya reli, na kizuizi kinachozuia kiti kisitoke chote. Reli zikilika au kizuizi kikipotea, kiti huweza kurudi nyuma ghafla gari linapopanda mlima, dereva akaachwa hafikii pedali huku ameng'ang'ania usukani. Anayewaza kubadilisha kiti kwa ajili ya starehe tu angeanza kwa kukagua kikomo hicho, kwani huenda hatari iliyopo ni kubwa kuliko maumivu ya mgongo.

Magari ya kuanzia modeli ya 1973 yana mpangilio wa reli ulio tofauti na ule wa awali. Fremu iliyotengenezwa kwa ajili ya gari la 1967 haitaingia katika la 1974, hata kama kwa nje magari hayo yanafanana kama pacha.

Zipo njia mbili za kufunga kiti kipya. Ya kwanza ni kutengeneza fremu inayoingia katika reli za asili kama kiti cha zamani kilivyoingia, kisha kiti cha mashindano kikafungwa juu ya fremu hiyo. Faida yake ni kwamba sakafu haitobolewi na gari linaweza kurudishwa katika hali yake ya mwanzo. Hasara yake ni kwamba uimara wote hubaki kwa zile reli kongwe, na kiti hupanda juu. Paa la kobe si refu. Dereva mrefu atagonga kichwa kila korongo litakapofika.

Njia ya pili ni kuondoa reli na kuweka mihimili miwili ya bomba la pembe nne, mmoja mbele na mmoja nyuma ya kiti, kutoka kwenye ubavu wa mgongo wa kati hadi kwenye kizingiti cha pembeni. Hapo nguvu haibebwi na bati la sakafu peke yake, bali hugawanywa kwenye sehemu mbili za gari zilizo ngumu. Kwa gari litakalokimbia lami na kupigwa na makorongo, njia hii ni bora, mradi mchomeleaji awe anaijua kazi na vizingiti viwe vizima. Vizingiti vya gari hili vina uwazi unaopitisha hewa ya joto kutoka kwenye injini, na huoza kwa ndani wakati rangi ya nje bado inang'aa.

Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) limeweka vipimo vya chini kwa magari ya mashindano, na ingawa sheria hizo hazimlazimishi mwenye gari la kwenda sokoni, ni kipimo kizuri cha kuigwa. Kiti hufungwa kwenye vishikizo vyake kwa bolti nne, mbili mbele na mbili nyuma, zisizopungua unene wa milimita 8. Vishikizo navyo hufungwa kwenye gari kwa angalau bolti nne. Chini ya bati, kila bolti huwekewa kipande cha chuma chenye unene usiopungua milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 40, ili bolti isichomoke kwa kupasua bati.

Sentimita za mraba 40 ni karibu sawa na kiganja cha mtoto. Washa ya kawaida inayouzwa dukani haifiki hata robo ya eneo hilo, na hilo ndilo kosa linaloonekana mara nyingi zaidi chini ya magari yaliyobadilishwa viti: kiti cha thamani kubwa kimeshikwa na washa nne zilizo ndogo kuliko sarafu.

Bolti yenyewe isiokotwe kwenye kopo la mabaki. Bolti inayofaa huwa na namba kichwani, na 8.8 ndicho kiwango cha chini ambacho fundi mzuri atakikubali. Bolti isiyo na alama yoyote haifahamiki uimara wake, na haifai mahali panaposhikilia uhai wa mtu.

Kiti chenyewe nacho huhitaji kutazamwa kwa jicho kali. Vingi vinavyopatikana nchini hutoka katika magari yaliyotumika Japan, yakiwamo Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution, ambayo baadhi yake yalitoka kiwandani na viti vya Recaro, kampuni ambayo jina lake lilitokana na ile ya Reutter ya Stuttgart iliyotengeneza bodi za Porsche. Viti hivyo ni vizuri, navyo mgongo wake hulegezwa na kulazwa kwa kitasa.

Hata hivyo, kiti kilichong'olewa katika gari lililopata ajali huweza kuwa na fremu iliyopinda au nyufa zilizofichwa na kitambaa. Kitambaa kipya kwenye kiti cha zamani si lazima kiwe dalili njema. Fundi hukivua na kukagua viungio, hasa pale mgongo unapokutana na kikalio.

Aidha, viti vingi vya magari ya miaka ya karibuni vina mfuko wa hewa ubavuni, na herufi SRS zilizoshonwa pembeni ndizo humjulisha mnunuzi. Mfuko huo una kilipuzi kidogo. Fundi anayekata nyaya zake au kuzipima kwa taa ya majaribio anaweza kuulipua usoni mwake. Katika Volkswagen ya zamani mfuko huo hauna kazi, kwa kuwa gari halina mtambo wa kuuamrisha, hivyo huondolewa na mtu anayejua, au kiti huachwa dukani.

Kwa viti vya mashindano halisi, vile visivyolala, lebo ya FIA nyuma yake huonyesha kiwango na tarehe ya kutengenezwa. Kiti chenye kiwango cha 8855-1999 huhesabiwa kuwa na uhai wa miaka mitano kwa matumizi ya mashindano. Baada ya hapo hakivunjiki chenyewe, lakini bei yake haipaswi kuwa ya kiti kipya. Viti visivyo na lebo yoyote, vilivyochorwa tu jina la kampuni maarufu kwa uzi mwekundu, ni afadhali vibaki mapambo ya sebuleni.

Swali la vipimo huamuliwa kwa futi ya kupimia kabla ya pesa kutoka mfukoni. Volkswagen ya kobe ni jembamba. Kuta za kiti pana hugusa mlango upande mmoja na kuziba breki ya mkono upande wa pili, maana kishikio chake kiko juu ya mgongo wa kati, katikati ya viti viwili. Breki ya mkono isiyoshikika haraka kwenye mteremko haina tofauti na breki isiyokuwapo.

Pedali za gari hili huota kutoka sakafuni badala ya kuning'inia kutoka juu. Kiti kikishushwa mno, unyayo hulazimika kupanda hewani kuifikia klachi, na kifundo cha mguu huchoka kabla ya nusu ya safari. Pia kiti kikipinda hata kidogo kutoka kwenye mstari wa usukani, mgongo utajua.

Lipo jambo la familia pia. Volkswagen hii ina milango miwili, na abiria wa nyuma huingia baada ya mgongo wa kiti cha mbele kukunjwa. Kiti cha mashindano kisichokunjika hufunga njia hiyo. Kwa kijana asiye na familia huenda si hoja, ila mwenye watoto wanaokaa nyuma anapaswa kujiuliza watatokaje gari likishika moto au likitumbukia mtoni. Kwa gari la namna hiyo, kiti chenye mgongo unaokunjwa mbele ndicho pekee kinachostahili, na kitasa chake kiwe kinafikika na aliye nyuma.

Na kwa kuwa nyuma kumetajwa, betri iliyo chini ya kiti cha nyuma huhitaji kifuniko kisichopitisha umeme. Springi za kiti hicho zikichoka, uzito wa mtu mmoja mnene hutosha kuzigusisha na vichwa vya betri. Moto wa namna hiyo umeteketeza Volkswagen nyingi duniani, na tiba yake ni kipande cha mpira au plastiki ngumu.

Suala la mwisho, nalo huzua ubishi mwingi kuliko yote, ni mkanda. Wakati Volkswagen iliposhinda Safari mwaka 1954, mkanda wa pointi tatu ulikuwa haujaanza kuuzwa. Kampuni ya Volvo ndiyo iliyouingiza katika magari yake mwaka 1959, kutokana na ubunifu wa mhandisi Nils Bohlin. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 na marekebisho yake humtaka dereva na abiria wa mbele kufunga mkanda.

Wengi wanaoweka kiti cha mashindano hutaka na mkanda wa pointi nne, ule unaopita juu ya mabega yote mawili. Kwa macho hupendeza. Lakini mikanda ya mabega inatakiwa irudi nyuma karibu sawasawa na mabega. FIA hushauri mteremko usizidi nyuzi 10, na kwa vyovyote vile usizidi 45. Katika gari lisilo na bomba nyuma ya viti, fundi huifunga sakafuni, na mteremko wake huwa mkali. Ajali ikitokea, mikanda hiyo humvuta dereva chini badala ya kumzuia asiende mbele, na uti wa mgongo ndio hubeba mzigo.

Ipo hatari nyingine. Gari likipinduka na paa likabonyea, aliyefungwa wima kwa mikanda minne hawezi kuinama wala kulala upande, na hukutana na paa kwa kichwa chake. Ndiyo maana katika mashindano mikanda hiyo huenda pamoja na mabomba ya kuzuia paa lisibonyee, na vitu hivyo viwili havitenganishwi.

Kwa gari la barabarani, mkanda wa pointi tatu uliofungwa vizuri ndio uamuzi wa busara. Volkswagen nyingi kuanzia miaka ya 1960 zina matundu ya kufungia mkanda yaliyoachwa na kiwanda. Matundu hayo yana uzi wa inchi 7/16 na si wa milimita, na fundi anayelazimisha bolti ya milimita humo huharibu uzi na kuacha mkanda ukishikwa na kutu na matumaini.

Mkanda wa kiunoni ulale chini, juu ya mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo. Kuta ndefu za kiti cha mashindano mara nyingine huunyanyua mkanda mpaka kitovuni, na hapo mkanda wenyewe huweza kupasua matumbo. Kiti chenye tundu la mkanda ubavuni huondoa tatizo hilo. Kisicho nalo hujaribiwa kwanza kwa kukaliwa, gari likiwa limesimama, kabla ya kununuliwa.

Kazi ikishakamilika, haijaisha. Bati, rangi na vyuma vipya hukaa mahali pake kwa kubonyezwa, na mtikisiko wa njia za udongo huharakisha jambo hilo. Mafundi wa mashindano huchora mstari mwembamba wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Baada ya safari ya kwanza ya kwenda Kate na kurudi Sumbawanga, mwenye gari hulala chini na tochi na kutazama mistari hiyo. Mstari uliokatika unaonyesha nati imezunguka, hata kama mkono hausikii ulegevu wowote. Na nyufa za rangi zilizozunguka kile kipande cha chuma, hata ziwe nyembamba kama unywele, maana yake ni kwamba bati limeanza kunepa, na gari hilo halirudi barabarani mpaka kiti kitolewe na sakafu ifanyiwe kazi upya.